Kikombe Kilichowekwa Chini

Nimechunga ng'ombe wa watu. Nimechekecha mchanga nje ya uzio wa Mwadui nikitafuta almasi iliyowaponyoka wenyewe. Nimeshuka kwenye maduara ya dhahabu Nyarugusu na Rwamgasa, yale mashimo unayoshushwa kwa kamba huku aliyeishika kamba anapiga soga na mwenzake. Sikuvunjika popote. Nimekuja kuvunjika paja hapa Ushirombo, nimekaa nyuma ya bodaboda, nimepakata chumvi.

Hiyo ndiyo hasira yangu ya kwanza. Zipo nyingine zinakuja.

Walinitia chuma ndani ya paja, nikarudishwa nyumbani kwa mwanangu Festo, nikalazwa. Nikalazwa kweli kweli. Mtu akija kunijulia hali, nikijaribu kuinuka, ananisukuma begani. "Lala, mzee, pumzika." Uji kitandani. Maji ya kunawa kitandani. Hata jua nililetewa kitandani, maana walifungua dirisha. Mfupa ukapona, daktari alitazama picha akasema umeunga vizuri kuliko wa kijana. Lakini nyama ya mguu ilikuwa imekwisha. Paja lililonizungusha nchi hii yote lilikuwa limelegea kama soksi tupu.

Nililigundua hilo siku ya ndala. Nilikuwa nimekaa nje kwenye kiti, ndala moja ikaingia chini yake. Nikachuchumaa kuitafuta. Kushuka, nilishuka vizuri. Kupanda, hakuna. Niliyaambia magoti panda, magoti yakanitazama.

Aliyekuwepo nyumbani ni mke wa Festo, Scolastika, ambaye sote tunamwita Mama Eliya. Sasa hapa lazima nieleze. Kwetu baba mkwe na mke wa mwanawe hawagusani. Hawapeani mkono, hawakai mkeka mmoja, hawakai kupiga porojo. Akikuletea chakula anapiga goti mbali kidogo, anakiweka, anaondoka. Siku hizi wengi wameacha, mjini utamkuta mkwe anamtania baba mkwe mpaka unaona aibu wewe mgeni. Lakini Scolastika alilelewa na bibi yake, na bibi yake alimlea sawasawa. Akasimama pembeni, mikono kichwani.

"Baba, nifanyeje?"

"Usifanye kitu. Ita mwanaume."

Akaita. Unajua mwanamke akiita mwanaume mchana kweupe inavyokuwa. Ilikuja nusu ya kitongoji, wengine na fimbo wakidhani kuna nyoka. Nikanyanyuliwa kwa makwapa kama gunia la michembe ya viazi, watoto wa shule wakiangalia.

Festo anafanya kazi mgodini Geita, anakuja zamu yake ya wiki kadhaa ikiisha. Aliporudi akasimuliwa. Hakucheka. Bora angecheka.

"Baba, safari hii ilikuwa ndala," alisema. "Siku ikiwa chooni?"

Choo chetu ni cha shimo.

"Mimi nipo Geita. Mama Eliya hawezi kukushika. Sitaki siku moja nipigiwe simu kwamba umekaa mle tangu asubuhi na majirani wako shamba. Twende Mwadui kwa shangazi. Ana choo cha kukaa, na wajukuu wake wa kiume wapo."

Shangazi yake ni dada yangu Generosa. Nampenda, lakini ana geti. Geti lina kufuli, na ufunguo anauvaa shingoni pamoja na rozari. Nilipokwenda kumsalimia mara ya mwisho nilikaa mpaka nikahesabu vigae vya ukumbi. Mtu kama mimi ukimweka nyuma ya geti umekwisha kumzika, umebakiza kufukia.

"Nipe muda," nikamwambia.

"Zamu moja, Baba. Nikirudi, uchuchumae mbele yangu na usimame mwenyewe, bila mtu, bila ukuta. Ukiweza, sitasema tena. Ukishindwa, tunapakia."

Kabla hajarudi kazini alinipeleka Kolandoto, hospitali ya misheni, wakaangalie kile chuma. Chuma kilikuwa salama. Wakanipeleka chumba cha mazoezi ya viungo, na humo nikamkuta binti anaitwa Elieth, mfupi, mwenye sauti ya kuuzia samaki. Alinisalimia kwa adabu zote, shikamoo babu, kisha akalibonyeza paja langu akaguna kama mtu aliyeonyeshwa mbuzi mgonjwa.

"Ulikuwa unafanya kazi gani, babu?"

"Duara."

"Duara likiachwa muda mrefu bila mtu linakuwaje?"

"Linajaa maji. Mbao zinaoza, linabomoka."

"Na lenye watu mbona halibomoki?"

"Watu wanavuta maji, wanabadilisha mbao. Sasa mama, unanifundisha duara?"

"Nakufundisha paja," alisema. "Hii nyama imejengwa na seli. Ni ndogo, huwezi kuziona, na ndani ya kila moja mna vinu vya kutengenezea nguvu. Seli usipoisumbua haina sababu ya kuhangaika. Vinu vibovu vinabaki mle mle, takataka zinajaa, nyama inapungua. Ukiisumbua kidogo inashtuka. Inatoa takataka, inaunda vinu vipya, inashona palipochanika, na safari nyingine inakukuta imejiandaa."

"Basi nitaisumbua mpaka ijute."

"Ndiyo nyie wanaume! Nimesema kidogo, babu. Ukizidisha, unachana kuliko inavyoweza kushona. Halafu kushona kwenyewe hakufanyiki wakati unahangaika. Kunafanyika umekula maharage yako, dagaa wako, umelala. Sumbua, kula, pumzika. Miguu ikitetemeka, acha. Ikiuma kama kisu, ulishachelewa kuacha."

Akanionyesha namna. Nikae juu ya kitu kirefu, nisimame. Nikizoea, kitu kiwe kifupi zaidi. Na nitafute kazi ya nyumbani inayonishusha na kunipandisha, kwa sababu mtu wa kazi akiambiwa afanye mazoezi matupu anaona aibu na anaacha.

Nikamwelewa. Kwa mara ya kwanza tangu ile bodaboda, mtu alikuwa ameniambia nifanye kitu badala ya nisifanye.

Nyuma ya nyumba yalikuwepo matofali ya tope yaliyobaki walipojenga jiko, na mbele yake kipande cha karanga. Nikapanga matofali yakawa kigoda kirefu. Nakaa, nasimama. Nakaa, nasimama. Nikichoka napumzika, halafu najisogeza na kuinamia mistari ya karanga nang'oa magugu kwa kijembe kilicholika. Karanga huwezi kuzipalilia umesimama kama askari, lazima uzifuate zilipo. Miguu ikianza kutetemeka naacha, hata kama mstari umebaki nusu. Siku nilipoona kusimama kumekuwa kwepesi nilitoa tofali moja. Nililiweka pembeni kwa heshima kama mtu anayemzika paka wake.

Mazoezi haya hayana utamu wowote, nisidanganye. Usiku misuli inavuta, asubuhi unashuka kitandani kama umepigwa. Lakini ni maumivu ya kitu kinachotengenezwa, na mimi nayajua. Ndivyo mgongo ulivyokuwa unauma wiki ya kwanza ya kila duara jipya.

Matofali yakapungua. Nikaanza kumwona Festo akilini anarudi na mimi nashuka na kupanda mbele yake kama ndege.

Nilichosahau ni watu.

Watu waliona mzee mwenye chuma mguuni anapalilia karanga, na mkwe wake yupo ndani, mzima, ana mikono miwili. Kule bombani wakamwanza Scolastika. "Mama Eliya, huyo mzee umemlipa kibarua?" Mwingine akasema afadhali wamwambie Festo wake anavyotumikishiwa baba. Mtoto wa watu akalia. Wala hakuniuliza, angeniuliza vipi, mimi na yeye hatukai kuongea. Nilimsikia tu siku moja anasema akiwa nyuma ya mlango, "Baba, karanga ziache, nitazipalilia mimi." Nikamjibu, "Karanga zangu usiziguse." Akadhani nimekasirika. Akalipeleka jambo hilo kwenye jumuiya yao ya kanisa.

Jumamosi asubuhi nikasikia wimbo. Nikachungulia. Jumuiya nzima inakuja na majembe, akina mama mbele, wazee nyuma, na mwenyekiti wao Leodgar amevaa kofia ya kuzikia watu.

"Mwangaluka, Mzee Makoye!" akanisalimia kwa Kisukuma. "Leo ni siku yako. Kaa, sisi tufanye."

"Mfanye nini?"

"Karanga. Tumesikia unateseka."

"Siteseki! Leodgar, nisikilize. Mimi hayo magugu nayataka."

Akina mama wakacheka, wakajua ni utani wa wazee. Leodgar akanishika mkono akanikalisha kwenye kiti, na kiti wakakisogeza kivulini, tena mbali na matofali yangu. Mmoja akayaona yale matofali akasema haya ndiyo yatamkwaza mzee aanguke, akayabeba akayapanga vizuri ukutani.

"Leodgar, hiyo ni dawa yangu. Hospitali walisema."

"Hospitali walisema upalilie na chuma mguuni?" Akawageukia wenzake. "Mnamsikia? Huyu hata akifa atatuomba jembe."

Wakacheka zaidi. Walimaliza kipande chote kabla jua halijachoma. Hawakuacha hata jani. Magugu niliyoyatunza yanitoshe mpaka Festo arudi, yote yalikuwa yamelundikwa pembeni yananyauka. Halafu wakasali kuniombea nguvu. Nguvu! Wamezing'oa na mizizi yake, sasa wanaziomba mbinguni.

Scolastika akawa anagawa uji. Uso wake ulikuwa umefurahi, kwa sababu sasa hakuna mtu bombani atakayemsema. Na mimi nilipoona ile furaha nikapata wazimu.

Nikachukua jembe, si kijembe, jembe lenyewe, nikaenda kwenye ile kona ambayo haijalimwa tangu nyumba ijengwe. Nikaanza kulima. Walinifuata wakiniita, nikazidi. Miguu ikatetemeka, nikailazimisha. Ikauma kama kisu, nikailazimisha. Nilitaka waone. Waliona. Waliniona nikiegemea mpini, nikiteleza nao taratibu mpaka chini, na wakanibeba tena, safari hii jumuiya nzima, wanaimba.

Kesho yake paja lilikuwa limevimba na lina moto. Nikalazimika kulala. Leodgar akapita dirishani akasema, "Si tulikwambia upumzike?" Sikumjibu kwa sababu Mungu alikuwa anasikia.

Scolastika akampigia simu yule Elieth. Kwa kuwa hawezi kunikaribia, aliweka simu kwenye kigoda anachoniwekea chakula, akaifungulia sauti kubwa, akarudi kusimama mlangoni. Sauti ya kuuzia samaki ikajaa chumba.

"Babu! Nilikwambia nini? Umezichana. Sasa tulia mpaka uvimbe uishe, kula, halafu uanze upya kutoka juu. Na kidogo! Kila siku kidogo, mara nyingi, kuliko siku moja kwa hasira."

"Waliniibia magugu," nikasema.

"Walikuibia nini?"

Nikamweleza. Akacheka mpaka akakohoa, kisha akatulia. "Shida yako hawakuielewa. Watu wanadhani kumpenda mgonjwa ni kumwondolea kila kitu. Babu, mwili unaoondolewa kila kitu nao unajiondoa. Ingekuwa mimi nipo hapo, nisingekupa hata maji mkononi. Ungeyafuata."

Simu ikakatika. Nikageuza uso ukutani.

Uvimbe ulipoisha nilirudisha matofali, lakini nilikuwa nimerudi nyuma. Nikaanza na mengi, nikashuka polepole, na siku zilikuwa zinakwenda mbio kuliko miguu. Lile tofali la mwisho likanigomea. Nikikaa juu yake, nasimama. Nikiliondoa, nabaki chini nimeshikilia ukuta. Na Festo alisema bila ukuta.

Halafu ikaanza ile dharau.

Asubuhi moja Scolastika alileta uji, akapiga goti kama kawaida, akaweka kikombe. Chini. Si kwenye kigoda, chini kwenye udongo, mbali na kiti. Nikadhani kasahau. Mchana sahani ya matobolwa, vile viazi vikavu vya kuchemsha, chini. Nilipotafuta redio yangu niliikuta chini. Fimbo chini. Kofia yangu, ambayo hukaa msumarini tangu nije nyumba hii, chini.

"Mama Eliya," nikasema, "kigoda kimevunjika?"

"Hapana, Baba."

"Kiko wapi?"

"Nimekiweka ndani, Baba." Akaondoka bila kuinua macho.

Nikajua. Ananilipa kwa ile aibu ya siku ya jumuiya, nilivyomharibia mbele za watu. Kwetu mzee hawekewi chakula chini. Anayewekewa chini ni mbwa. Na kama hukuokota, ulikaa na njaa, kwa hiyo nilikuwa nashuka nikitukana kwa Kisukuma na kupanda nikitukana kwa Kiswahili, nikiushika ukuta, kutwa, kwa uji, kwa maji, kwa redio, kwa kofia. Nikatukana mpaka nikaishiwa.

Nikampigia Generosa.

"Njoo unichukue," nikamwambia. "Hapa nimekuwa mbwa. Nalishwa chini."

"Nani anakulisha chini?"

"Mkwe."

"Yesu na Maria! Nampigia Festo sasa hivi. Makoye ndugu yangu, chumba chako kipo, na kufuli nimenunua jipya."

Nilipokata simu nilibaki nimeitazama. Zamu nzima nilikuwa nakimbia lile geti, sasa nimejipigia mwenyewe.

Festo alikuja kabla hata zamu haijaisha, na Noah ya kukodi, dereva wake anatafuna mua. Alishuka akapita moja kwa moja mpaka uani. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti. Kikombe cha uji kilikuwa chini, mbele yangu, kinatoa moshi.

"Kwa hiyo ni kweli," akasema. "Mama Eliya! Njoo hapa! Baba yangu unamwekea uji chini?"

Scolastika akatoka jikoni anafuta mikono kwenye kanga.

"Ndiyo," akasema.

"Ndiyo? Unasema ndiyo?"

"Yule wa hospitali alisema asipewe hata maji mkononi, ayafuate mwenyewe. Mimi niliwaita watu wakamalizia kazi yake. Siwezi kumshika, Baba Eliya, siwezi kumfanyisha mazoezi, siwezi hata kukaa kumweleza. Nilichoweza ni kuweka chini."

Yule dereva aliacha kutafuna.

Mimi nilikuwa naangalia kile kikombe. Nikakumbuka siku hizi zote nilizomtukana, na kwamba kila tusi nililitoa nikiwa nashuka au nikiwa napanda.

Festo akainama achukue kikombe anipe.

"Kiache!" nikamwambia.

"Baba, twende tu. Shangazi anasubiri."

"Nimesema kiache. Ulisema nichuchumae mbele yako. Sogea."

Nikatoka kwenye kiti, nikaenda katikati ya ua palipo mbali na ukuta, nikamwambia akisogeze kikombe hapo. Akakisogeza. Nikashuka. Magoti yalilia, kila mtu aliyasikia. Nikashika kikombe, kilikuwa cha moto. Nikaanza kupanda.

Nusu ya njia paja likasimama. Halikuuma, lilitetemeka tu, likawa linafikiri. Festo akanyoosha mikono yote miwili.

"Usimshike!" Scolastika alipiga kelele. Sikuwahi kumsikia akipandisha sauti nyumba ile, tena mbele ya mumewe, tena mbele yangu. "Mwache. Huwa anakaa hapo kidogo. Halafu anapanda."

Nikakaa hapo kidogo. Uji ukanimwagikia mkono, ukaniunguza, sikuuachia. Halafu nikapanda. Nilipofika juu shati lilikuwa limelowa na kikombe kilikuwa kimebaki nusu, lakini chini yangu palikuwa na miguu yangu miwili na hakuna kingine.

Nikanywa ile nusu. Ulikuwa hauna sukari.

Dereva akauliza, "Sasa, wakubwa, tunapakia au hatupakii?"

Festo alinitazama, akamtazama mkewe, akaingiza mikono mfukoni kama mtoto. "Geuza gari," akasema.

Generosa alipopigiwa simu alinitukana, akaniuliza lile kufuli jipya alifanyie nini. Nikamwambia alivae.

Nilidhani sasa heshima yangu itarudi kwenye kigoda. Kesho yake asubuhi nikatoka nje, nikasikia redio inaongea, sauti imefunguliwa yote, tangazo la sabuni. Haikuwa karibu na kiti. Ilikuwa kule mwisho wa karanga, chini, ambako baada ya mvua magugu yameanza kuota tena. Kijembe changu kilikuwa kimelazwa pembeni yake.

"Mama Eliya!" nikaita. "Redio yangu!"

Moshi tu jikoni.

Nikatukana kwa Kisukuma, nikavaa ndala, nikaifuata.